Penda kwa Mvulana, Jalebi kwa Msichana

Vijana wangu wa La Rochelle, hapa Johannesburg, mnanichosha. Juzi mlikuwa mmekaa nje ya geti langu, mwenzenu mmoja akapigiwa simu kutoka Tanga: mkewe kajifungua salama, mtoto wa kike, na ni wa tatu wa kike. Nikawasikia kwa masikio yangu mnampa pole. Pole! Mama mzima, mtoto mzima, nyinyi mnamshika bega kama mnamtoa makaburini. Mmoja akamwambia, "Usijali kaka, safari ijayo utapata mtoto." Kwani huyu aliyezaliwa ni nini, mkungu wa ndizi? Nilitaka kutoka na mwiko. Mgongo ukanikatalia, basi nikaona niandike. Naandika kwa mkono wangu, na atakayecheka mwandiko aje kwanza anionyeshe nyumba aliyoijenga yeye.

Mimi Shabani niliacha shule darasa la tano. Sikuja Johannesburg na cheti, nilikuja na mikono. Na kwa mikono hii nimewalisha Wahindi wa mji huu vitamu vyao wenyewe mpaka wakaniita Halwai, yaani fundi wa mithai, jina ambalo kwao mtu hupewa kwa kuzaliwa kwenye ukoo. Watu walitoka Midrand, wakapita maduka chungu nzima yenye vioo na taa, wakaja kwangu Fordsburg. Sijisifu. Nawaambia kilichokuwapo.

Mnaniuliza kila mara siri ya jalebi yangu. Chukueni, sina choyo. Unga wa ngano mwembamba, maziwa ya mgando, zafarani kidogo, ulale usiku kucha mpaka uanze kutoa povu. Sasa wengi wenu mnakosea hapa, kwa sababu Julai ya huku si Julai ya Tanga. Baridi ya huku Jozi inaua unga. Mimi nilikuwa naufunga kwenye blanketi kama mgonjwa na kuuweka karibu na tangi la maji ya moto. Shira yako iwe na uzi mmoja: chovya kidole, gusanisha na gumba, tenganisha, ukiona uzi mmoja unavutika, zima moto. Ukiona nyuzi mbili umeshapika gundi. Na ukikaanga, mkono uzunguke bila kufikiri. Ukifikiri tu, jalebi inatoka kama sikio la mbuzi.

Penda ni kazi nyingine. Pale ni maziwa, unayakoroga kwenye karai pana mpaka yawe kinyunga, bila kuondoka, bila kupokea simu, bila kwenda chooni. Sukari na iliki usitie mpaka yapoe kidogo. Halafu unafinyanga viduara na kubonyeza katikati kwa gumba. Penda inakaa wiki nzima. Jalebi ikifika kesho yake imeshalegea. Kumbukeni hilo, kwa sababu Wagujarati wana desturi: akizaliwa mvulana wanagawa penda kwa jamaa na majirani, akizaliwa msichana wanagawa jalebi. Hata kwenye sanduku la kitamu, msichana amepewa kile kisichokaa.

Desturi hiyo niliijua kwa aibu. Mwanzoni kabisa nilibeba masanduku mawili, nikayachanganya, nikapeleka jalebi kwenye nyumba iliyopata mvulana. Bibi wa nyumba akafungua kifuniko, akapiga ukelele, akakimbilia simu kuiuliza hospitali kwa nini imewabadilishia mtoto. Nami nimesimama mlangoni natabasamu, nasubiri kusifiwa. Wakanitimua mpaka kwenye robot, zile taa za kuongozea magari, ya barabara kuu. Nilipomweleza Ba alicheka mpaka akakaa chini.

Ba ndiye aliyenifundisha kazi. Kwa Kigujarati "ba" ni mama, na jina lake hasa ni Ramila. Alizaliwa Tanga, akaolewa huku, akafiwa na mume, akafungua jiko la mithai Fordsburg. Siku tuliyokutana nilikuwa nasukuma mkokoteni wa vitunguu, teksi ikanichomekea, nikaitukana kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho. Dirisha likafunguka juu, mama wa Kihindi mwenye sari nyeupe akatoa kichwa: "We kijana, mdomo huo umeutoa Ngamiani, Tanga?" Nilitaka ardhi inimeze. Akaniambia nipande juu ninawe mikono, kwa sababu mtu mwenye pumzi ya kutukana hivyo anaweza kukoroga maziwa. Nikapanda, na sikushuka tena mpaka mgongo ulipokataa kazi.

Sasa msije mkasema mzee Shabani anawasema Wahindi. Nimeingia nyumba zao nyingi kuliko nyinyi mlivyoingia kwenye spaza, viduka vyenu vya mtaani. Nimeona mababa waliompokea binti kwa fataki, wakisema Lakshmi, mungu wao wa neema, kaingia kwa miguu yake mwenyewe. Siku hizi wapo wanaoagiza penda kwa msichana makusudi, ili bibi wa upande wa pili akasirike. Na sisi je? Binamu yangu kaoa mke wa tatu akitafuta dume, na kila akikosa anawalaumu wanawake. Ugonjwa ni mmoja, sema kila nyumba inaufunika kwa kitambaa chake. Hiki ninachowasimulia nilikiona kwa Wahindi kwa sababu ndiko nilikokuwa nafanya kazi.

Ba ana mdogo wake wa kiume, Hasmukh. Yeye naye ni mzaliwa wa Tanga, alimfuata dada yake huku akafungua duka la vifaa vya ujenzi Kensington. Kila Alhamisi alikuja jikoni kunywa chai na kusengenya kwa Kiswahili, kwa sababu mwanawe Nilesh, mzaliwa wa hapa, hajui hata kusema shikamoo. Nilimpenda yule mtu, tukiitana bhai, yaani ndugu. Mcheshi, mkarimu, ana kicheko cha kutingisha vikombe. Mkewe alikuwa ameshafariki. Nilesh na mkewe Hetal wanakaa Midrand, kwenye zile nyumba zenye geti juu ya geti, na wana mabinti wawili wanaompanda babu yao mabegani kama mti wa mpera.

Alhamisi moja Hasmukh akaja na uso unaong'aa.

"Shaban bhai, Hetal ni mjamzito."

"Hongera, bhai! Nianze kuchemsha?"

"Ngoja kwanza. Siku hizi kuna kipimo cha damu. Wanachoma sindano mkononi, wanakwambia ni nini, na tumbo bado halijaonekana. Majibu kesho. Kikiwa kidume, chemsha maziwa ya mji mzima. Nitagawa penda mpaka kwa maadui zangu."

"Na akiwa wa kike? Unga wa jalebi lazima ulale, niambie mapema."

Akakoroga chai yake, ingawa sukari ilikuwa imeshayeyuka. "Akiwa wa kike usiandae kitu."

"Hata sahani ndogo?"

"Hutakuwa na mtoto wa kumkaangia."

Nilidhani nimesikia vibaya kwa kelele za mafuta. Nikazima jiko. "Hasmukh bhai, sema tena."

"Umenisikia. Bado ni mapema, sheria ya hapa inaruhusu, daktari yupo, si wale wa matangazo ya kubandikwa kwenye nguzo za umeme. Ni daktari mzuri. Asubuhi anaingia, mchana yuko nyumbani."

"Una wajukuu wawili wa kike wanakupanda kichwani!"

"Nawapenda. Nani kasema siwapendi? Lakini Nilesh yuko peke yake. Nikifa mimi, yeye atawasha moto. Akifa yeye, nani atawasha? Nani atawalisha mababu zetu kila mwaka? Wasichana wataolewa, watalisha mababu za watu. Mimi nitakaa huko juu na njaa, natazama."

Kwa wasiojua: maiti wao huchomwa, na kwa desturi mtoto wa kiume ndiye anayewasha. Wengi wao wanaamini kwamba bila mtoto wa kiume baba anakwama njiani. Naiheshimu dini ya mtu. Lakini nilimtazama pale, mzee wa chai na vichekesho, anapanga safari yake ya mbinguni na nauli ni mtoto wa mwenzake. Eish. Nikamuuliza kama Hetal amekubali. Akasema, "Hetal ni mtoto mzuri, ataelewa." Maneno hayo, vijana, mkiyasikia popote jueni kuna mwanamke hajaulizwa.

Alipoondoka nikamwambia Ba kila kitu. Alikuwa anachambua iliki. Hakupiga kelele. Aliendelea kutoa maganda, moja moja, kisha akasema, "Beta," yaani mwanangu, ndivyo alivyoniita siku zote, "unajua kila sikukuu ya Navratri ndugu yangu anafanya nini? Anatafuta wasichana wadogo, anawakalisha kwenye mikeka, anawaosha miguu kwa mikono yake, anawalisha puri zako na halua yako, anawainamia kwa sababu mungu mama yumo ndani yao. Nisaidie basi. Mungu huyo anaingia saa ngapi? Akishavaa gauni?"

Mimi ni Mwislamu wa Ngamiani, niingie wapi hapo?

Siku ya pili, Ijumaa mchana, Hetal mwenyewe akaja jikoni. Hajawahi kuja peke yake. Amevaa suti ya ofisini, kadi ya kazini bado shingoni, macho mekundu. Akaongea Kigujarati na Ba, nami Kigujarati cha jikoni nakisikia vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

"Majibu yametoka. Wa kike."

"Na Hasmukh?"

"Ameshaweka miadi. Jumatatu asubuhi. Hajanikaripia, Ba. Ameninunulia bangili."

"Na mumeo?"

"Nilesh anasema tufikirie." Akacheka bila raha. "Tangu asubuhi anafikiri. Amekaa katikati kama mtu kwenye robot nyekundu, hata magari hayapo."

Ba akaweka iliki chini. "Wewe unataka nini?"

"Namtaka. Nimeshamwambia."

"Umemwambia nani, Nilesh?"

"Mtoto."

Nikageuka nikajifanya natafuta mwiko. Hetal akaendelea: hakuna atakayemburuta, wala hakuna atakayempiga. Watamzunguka tu, kwa upole, mume na mkwe, kila mmoja na sababu yake nzuri, mpaka Jumatatu achoke na akubali. Halafu jamaa wote wataambiwa mimba imeharibika, na wataleta chakula cha pole. "Hakuna anayejua kuwa nina mimba ila watu wa nyumbani," akasema. "Ndiyo nguvu yao."

Kisha akanigeukia, akaniambia kwa Kiingereza, "Kaka Shabani, Jumapili ukoo wote unakula mchana kwa Papa Hasmukh, Kensington. Unaweza kukaanga jalebi?"

Sasa nielezeni, ningefanya nini? Nilikataa! Ndiyo, nilikataa, kwa sababu za kazi. Kitamu cha mtoto hakipikwi mtoto akiwa tumboni. Kwao ni mkosi mkubwa, wanaogopa kijicho, na hata kwetu mtu hanunui kitanda kabla mtoto hajalia. Nikamwambia, "Dada, kwa miaka yote hii sijawahi kukaanga jalebi ya mtoto ambaye hajazaliwa. Likitokea jambo, watasema ni mkono wangu."

Ba akanitazama kama alivyonitazama siku ile ya dirishani. "Shabani, unaogopa mkosi?"

"Naogopa, Ba."

"Mkosi gani mkubwa kuliko wa Jumatatu? Lete unga."

Basi. Jumamosi nikakoroga, nikaufunga kwenye blanketi. Jumapili nikakaanga, na nawaambieni kweli, sijawahi kukaanga jalebi kama zile. Nyembamba, zinang'aa, shira inalia ndani ukitafuna. Hasira inanifaa jikoni. Nikapanga masanduku kwenye bakki, pikapu ya jiko letu, Ba akakaa mbele na sari yake nyeupe kama jaji, tukaenda Kensington.

Nyumba imejaa. Wajomba wanajadili kriketi, wanawake wako jikoni, watoto wanapita chini ya meza. Hasmukh akanipokea kwa mikono miwili, akidhani dada yake kaleta kitafunio tu. Hetal akanyanyuka, akachukua sanduku la kwanza mikononi mwangu, akalifungua, akaanza kugawa mwenyewe, mmoja mmoja, kwa heshima, mkono wa kulia, kichwa kimeinama kidogo.

Shangazi mmoja akachukua, akasita. "Jalebi? Nani kajifungua?"

"Hakuna bado, Kaki."

"Sasa za nini?"

"Za binti yangu," akasema Hetal. "Wa tatu. Yumo humu. Tumepima, ni wa kike, mzima. Naomba mmbariki."

Mjomba wa kriketi alikuwa ameshang'ata, akabaki na nusu mdomoni. Nikamwangalia Nilesh. Alikuwa ameegemea ukuta, rangi imemtoka. Halafu mama mmoja mzee kabisa, ambaye nilidhani amelala kwenye kiti, akanyoosha mkono akamgusa Hetal tumboni, akasema kwa sauti ya kukoroma, "Lakshmi kaja. Nipe mbili." Na mtu wa umri ule akisema hivyo, nani atabisha? Wakaanza kupongeza. Wengine kwa moyo, wengine kwa mdomo tu, lakini walipongeza, na walikula. Yaani ukoo mzima sasa unajua kuna mtoto na unajua ni wa kike. Jumatatu ingefika, nani angeambiwa mimba imeharibika?

Hasmukh akanivuta barazani. Ba akatufuata. Tukagombana kwa Kiswahili cha Tanga, ili wageni wasielewe.

"Shabani, umeniua! Kwenye nyumba yangu! Mbele ya jamaa zangu!"

"Bhai, mimi nimekaanga tu."

"Nilikuambia usiandae kitu!"

"Mteja alikuwa mwingine," akasema Ba. "Njoo unigombeze mimi."

"Dada, wewe una mabinti watupu, huwezi kuelewa. Nani atawasha moto wa Nilesh?"

"Wewe siku hizi unaingia kule wanakochomea? Moto uko wapi? Kuna mashine ya gesi na kitufe ukutani. Anaitwa mwana, anabonyeza. Kitufe kinajua kidole cha kiume na cha kike? Mume wangu alibonyezewa na binti yangu mkubwa. Hajarudi kulalamika."

Nikauma ulimi nisicheke. Hasmukh hakucheka.

"Dini inasema mtoto wa kiume."

"Dini!" Hapo ndipo Ba alipopandisha sauti. "Dini inakukataza kuua hata mdudu, ndiyo maana huli nyama. Unachambua mchele usije ukachemsha kidudu, Hasmukh! Dini inasema kuua kilicho tumboni ni dhambi isiyooshwa na mto wala na samli ya kuhani. Dini inasema roho huja kwenye tumbo lake kwa hesabu zake yenyewe, imesafiri toka mbali. Inabisha hodi kwako, wewe unatazama mlangoni ni mwanamke, unaifungia? Halafu unataka mtoto wa kiume aje akuvushe. Hakuna mtoto anayemvusha mtu. Utavuka na matendo yako, hayo hayo ya Jumatatu."

"Nilitaka jina lisife, dada."

"Nilitaka, nilitaka. Umeuliza aliyelibeba?"

Mlango ukafunguka, Nilesh akatoka. Hakuelewa tulichosema, lakini sura zetu zilimtosha. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, "Papa, nimempigia daktari simu. Nimefuta." Kisha akarudi ndani haraka, kama mtu aliyeiba. Sisemi ni shujaa. Alichelewa mno. Ila robot yake ilibadilika, na nampa hilo.

Nisiwadanganye kwamba Hasmukh alilainika pale pale. Aliacha kuja Alhamisi. Diwali ile akapeleka agizo lake kwa fundi mwingine, ambaye penda zake unatafuna sukari kama mchanga. Kila jamaa aliniambia, na kila mmoja nilimjibu hivyo hivyo: pole na meno yako. Hetal akamfungia mkwewe mlango wa maneno: anampa chai, anamsalimia, anamletea wajukuu, ila habari za tumbo hazungumzi naye. Tumbo likakua. Miezi ile yote Ba alikuwa anawasha taa yake ndogo mbele ya sanamu, nami namuuliza anaomba nini, ananijibu, "Naomba asizaliwe na pua ya Hasmukh."

Akazaliwa. Mzima, ana nywele, na ana pua ya Hasmukh.

Siku ya sita wana shughuli ya kumpa mtoto jina. Wananitaka nikaange palepale, basi nikapanga jiko langu kwenye gereji ya Midrand, mlango wa kuingia ndani uko wazi na ninaona kila kitu. Mtoto analazwa kwenye kitambaa, watoto wanne wanashika pembe, wanambembeza, na dada wa baba, wanamwita foi, ndiye anayetaja jina. Ni haki yake. Baba anaweza kuwa tajiri kuliko machimbo ya dhahabu, lakini jina linatoka mdomoni mwa dada yake.

Watoto wakashika pembe. Wakaanza kubembeza. Kuhani akauliza, "Foi yuko wapi?"

Nilesh akasema, "Mimi sina dada."

Watu wakaangaliana. Mmoja akasema rafiki wa Hetal ashike nafasi. Mwingine akasema Ba aseme yeye, ni shangazi wa Nilesh, si mbali sana. Ba akajiweka sawa, akafungua mdomo.

"Kusum," ikasema sauti nyuma.

Hasmukh alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Hakuna aliyemwona akiingia.

Hetal akakunja uso. Ni jina la mabibi, la kizamani, hakuna mtoto wa Midrand anayeitwa hivyo. "Papa, umelitoa wapi?"

"Mama yake Nilesh ndiye aliyelichagua."

"Lini?" akauliza Nilesh. "Mama hakuwahi kuniambia."

"Ulikuwa mdogo. Kabla hatujaenda Bombay."

Ba alikuwa amekaa karibu na mlango wa gereji. Akageuka kwangu, akasema kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayesoma kibao: baada ya Nilesh, mkewe Hasmukh alipata mimba nyingine. Wakaenda likizo Bombay, wakapima huko, wa kike. Wakarudi na sari mpya na bila tumbo, na watu wakaambiwa imeharibika. "Nilimpelekea chakula cha pole," akasema Ba. "Nikampelekea na mithai. Alikula zote akilia, nikadhani ni utamu unamliza. Leo ndiyo naelewa foi wetu alikwenda wapi."

Ndani kule Nilesh alikuwa bado anamtazama baba yake. "Papa, mlienda Bombay kufanya nini?"

Hasmukh aliingia, akampita mwanawe, akapiga magoti kwa shida. Mtoto mdogo kuliko wote, binti wa Hetal wa pili, alikuwa ameelemewa na pembe yake. Hasmukh akaipokea pembe ile, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kubembeza pamoja na watoto wengine watatu, mzee mzima amepiga magoti kwenye zulia.

"Kusum," akasema tena, na safari hii hakuwa anatuambia sisi.

Hetal hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia. Alingoja, mafuta yangu yakaanza kuungua na sikuyaangalia, mpaka mtoto akaanza kulia kwa njaa na Hasmukh bado anabembeza. Ikabidi Hetal amshike mkono, amwambie, "Papa, achia sasa. Anataka kunyonya."